K'Ogalo na Msimu wa 2015: Historia Fupi kwa Wapenzi wa Kijani Walio Mwea

Mwaka 2015 Gor Mahia ilicheza mechi 30 za Ligi Kuu ya Kenya na kuzimaliza zote bila kushindwa hata moja. Kwa wapenzi wa K'Ogalo walioko Wang'uru, Kerugoya, Karatina na Nyeri, kumbukumbu ya msimu ule kwa kawaida ina jina moja, Frank Nuttall, Mskoti aliyepokea timu Agosti 2014 baada ya Bobby Williamson kuitwa Harambee Stars, na ambaye mwaka 2015 ulikuwa msimu wake wa kwanza kamili. Heshima hiyo anastahili, na hakuna anayetaka kumvua. Hata hivyo, historia fupi hii inashikilia kwamba msimu wa 2015 ulikuwa kazi ya klabu kabla haujawa kazi ya kocha. Mpunga wa Mwea hauhesabiwi kuwa wa yule aliyefungua lango la mfereji juma la mwisho, hata kama bila yeye shamba lingekauka. Ushahidi wa dai hili uko katika mambo ambayo mashabiki wengi wanayajua kwa vipande tu, kwa hiyo inafaa kuanza mwanzo kabisa.

Mwanzo ni tarehe 17 Februari 1968. Kabla ya siku hiyo Waluo walioishi Nairobi walikuwa na timu zaidi ya moja. Iliyovuma ni Luo Union, iliyobeba jina la chama kikubwa cha ustawi ambacho Jaramogi Oginga Odinga alipata kukiongoza kwa cheo cha Ker. Luo Union haikuwa timu ya mchezo. Ilichukua ubingwa wa taifa mwaka 1964, mwaka mmoja tu baada ya ligi kuanza na Nakuru All-Stars kuwa wa kwanza kuibeba. Lakini baada ya hapo kombe lilikwenda Mombasa kwa Feisal mwaka 1965, kisha likachukuliwa na Abaluhya miaka miwili mfululizo. Wazee walitazama wakaona vijana wazuri wametawanyika huku na huku, nguvu zimegawanyika, na jirani anacheka. Wakakata shauri: Luo Union iungane na Luo Stars, izaliwe klabu moja. Jina hawakulichukua kwa mwanasiasa wala kwa mto. Walilichukua kwa Gor, mganga mashuhuri wa Kanyamwa, mwana wa Ogada, mjukuu wa Ogalo, ambaye simulizi za Waluo zinamtaja kuwa mtu wa miujiza. Mjukuu wa Ogalo ndiye aliyeipa timu jina lake la utani la K'Ogalo, na miujiza yake ikawapa wapinzani kisingizio cha kudumu kila walipofungwa.

Kilichofuata ndicho kinachopendwa zaidi katika simulizi za klabu hii, na si ajabu: timu iliyozaliwa Februari ilimaliza mwaka huohuo wa 1968 ikiwa bingwa wa Kenya. Kati ya vijana wa kizazi kile, jina linalotajwa kwanza ni la straika William Ouma, aliyejulikana kote kama Chege, jina ambalo huku kwetu utalisikia kila boma la pili. Baada yake alikuja Allan Thigo, kiungo ambaye mashabiki wa miaka ya 1970 hawakubali kumlinganisha na mtu yeyote, na ambaye kizazi chake ndicho kilichobeba timu katika muongo uliofuata. Kuna wengine wengi waliostahili kutajwa hapa, lakini mtu akitaja kila aliyevaa kijani, karatasi itaisha kabla ya 1970. Inatosha kusema kwamba mambo matatu ya klabu hii yalikuwepo tangu mwaka wa kwanza: wachezaji waliokusanywa mahali pamoja badala ya kutawanywa, umati unaoifuata timu popote, na imani kwamba ubingwa ni haki yake. Umoja wenyewe ulipitia mitihani. Baadhi ya waliounganishwa walirudi kuifufua Luo Union, nayo ikafanya vizuri kiasi cha kubeba Kombe la Klabu Bingwa Afrika Mashariki na Kati mwaka 1976 na 1977. Hilo halikuivunja Gor. Ubingwa wa pili ulipatikana mwaka 1974, na mwaka 1976, mwaka uleule ndugu zao walipokuwa wakitamba Afrika Mashariki, Gor Mahia ilichukua ligi ya Kenya bila kufungwa.

Mwaka huo wa 1976 ndio nguzo ya hoja hii. Kati ya 1976 na 2015 kuna miaka 39. Hakuna mchezaji aliyekuwa katika timu zote mbili, wala kocha, wala mwenyekiti, na ligi yenyewe ilibadilishwa jina na mfumo. Kinachofanana ni klabu, na hali ambayo klabu ilikuwemo: kila mara msimu usio na doa ulikuja juu ya timu iliyokwisha kujua kushinda. Timu ya 1976 ilitoka kwenye ubingwa wa 1974. Ile ya 2015 ilikuwa imebeba 2013 na 2014. Kutofungwa hakukuanzishwa na mtu mpya. Kulikuja wakati wachezaji waliozoeana walipofika kilele pamoja, na mtu mpya akawa na busara ya kutowavuruga.

Miaka iliyofuata ilikuwa na utamu na uchungu wake. Mwaka 1979 Gor ilifika fainali ya Kombe la Washindi Afrika ikakutana na Canon Yaoundé ya Cameroon, na matokeo yake hayahitaji kuandikwa katika historia fupi kama hii. Mwaka 1980 na 1981, na tena 1985, ilichukua ubingwa wa Afrika Mashariki na Kati. Kisha 1987, chini ya Mwingereza Jack Johnson, ikashinda Kombe la Mandela, yaani lilelile la Washindi Afrika, kwa kutoka sare ya 2-2 na Espérance kule Tunis na 1-1 Nairobi, bao la ugenini likaamua. Peter Dawo alikuwa mfungaji bora wa mashindano, nahodha Austin Oduor akalinyanyua kombe, na mpaka leo hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyoleta nyumbani taji la bara zima.

Hapa msomaji wa Mwea anaweza kuuliza swali la haki: yote haya yanatuhusu nini sisi, watu wa mpunga wa Kirinyaga, na klabu iliyozaliwa na jamii ya upande wa ziwa? Swali hili halifai kupuuzwa, kwa sababu jibu lake lina historia yetu pia. Katika miaka ya 1970 eneo la Mlima Kenya lilikuwa na chama chake kikubwa, GEMA, kilichoanzishwa 1971 kuunganisha Wagikuyu, Waembu na Wameru. Nguvu zake zilielekezwa kwenye ardhi na biashara. Mwaka 1980 serikali ya Rais Moi ilipovunja vyama vya kikabila, GEMA na Luo Union vyote viliondoka jukwaani, na Abaluhya ikalazimika kuwa AFC Leopards. Gor Mahia, iliyobeba jina la mtu na si la kabila, iliendelea kuwepo. Upande wa ziwa ukawa na kitu ambacho chama kiliacha nyuma kilipokufa. Upande wetu haukuwa na klabu ya kuachiwa. Leo tunavyo viwanja: Wang'uru ulitengenezwa hata ukafaa kuandaa sherehe za Mashujaa za 2021 mbele ya Rais, na Embu uwanja wa Moi ukaandaa Madaraka ya 2023. Murang'a Seal imepanda Ligi Kuu, na hilo ni jambo la kutia moyo. Lakini klabu haijengwi na jukwaa la saruji, na ndiyo maana vijana wengi wa hapa wanaopenda soka la Kenya wamekuta kijani kiko tayari, kikiwa na historia ya kutosha kumpokea yeyote.

Baada ya ubingwa wa 1995 kilikuja kipindi kirefu ambacho wapenzi wa klabu hupenda kukipita haraka. Ligi ilichukuliwa na wengine, uongozi ulibadilika mara nyingi kuliko ilivyohitajika, na fedha zilikuwa za kuungaunga. Miaka 18 ilipita bila taji la ligi. Mpinzani wa hoja yetu atasema: kama taasisi ndiyo inayoshinda, mbona taasisi hiyohiyo ilikaa miaka 18 mikono mitupu? Ni pingamizi zito. Jibu ni kwamba taasisi ilikuwa imelala, haikuwa imekufa. Umati haukuondoka uwanjani katika miaka yote hiyo, na umati ndio uliofanya iwezekane kwa mwenyekiti Ambrose Rachier na wenzake, kuanzia 2008, kupata wafadhili na wachezaji wa kuanzia nao upya. Klabu isiyo na mizizi ikikaa miaka 18 bila kombe hufutika kwenye orodha.

Kuamka kwenyewe kulipitia barabara yetu ya Thika. Mwaka 2012, chini ya Zdravko Logarušić, Gor ilikuwa karibu kabisa na taji, na siku ya mwisho ikatoka sare na Thika United. Tusker ikawa bingwa. Mwaka uliofuata jezi ikiwa na jina la Tuzo, maziwa ya Brookside ya Ruiru, Williamson alimaliza ukame. Na Thika iliyotunyima 2012 ikalipa deni: Michael Olunga, aliyekuwa Thika United kwa mkopo kutoka Tusker mwaka 2014, alitua Gor akiwa bado mwanafunzi wa uhandisi katika Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya, akafunga mabao 19 ya ligi mwaka 2015. Meddie Kagere alikuja kumsaidia mbele, Khalid Aucho na Godfrey Walusimbi walikuwa Waganda, Karim Nizigiyimana Mrundi. Lakini msimu usiofungwa huamuliwa nyuma zaidi kuliko mbele, na mfungaji bora wa mwaka ule hakuwa wa Gor, alikuwa Jesse Were wa Tusker mwenye mabao 22. Nyuma, kipa Jerim Onyango na beki Musa Mohammed walikuwa klabuni tangu ukame haujaisha, wakisaidiwa na Harun Shakava. Nuttall hakuwakuta wageni.

Wapo wanaosema ligi ya 2015 ilikuwa dhaifu, kwa kuwa shirikisho la soka na kampuni ya ligi zilivutana juu ya timu 16 au 18 na msimu ukayumba. Mvutano ulikuwepo, lakini uliyumbisha timu zote, na ni moja tu iliyomaliza bila kupoteza. Wengine watakumbusha kwamba mwaka huohuo Gor ilitolewa Ligi ya Mabingwa na AC Léopards ya Dolisie, na kwamba Azam iliifunga 2-0 katika fainali ya Kombe la Kagame, lile la klabu za Afrika Mashariki na Kati, Dar es Salaam. Ni kweli, na kwa kweli inaunga mkono hoja yetu: Nuttall aliyeshindwa kule ndiye yuleyule asiyefungwa huku. Alichokuwa nacho nyumbani na kukikosa nje ni umati na viwanja ambavyo klabu inavijua tangu 1968. Sifa yake halisi ni mazoezi: mtaalamu wa sayansi ya michezo aliyewahi kufanya kazi Rangers, aliwapa wachezaji pumzi ya dakika 90, na hilo lisisahauliwe.

Kipimo cha mwisho ni yaliyofuata, nayo yatajwe kwa ufupi. Mwaka 2016 Nuttall alikwenda Zamalek, Olunga akaenda Djurgården ya Sweden, na Tusker ikachukua ligi. Kisha Gor ikashinda 2017 na 2018 kwa Dylan Kerr, 2018/19 kwa Hassan Oktay, 2019/20 kwa Steven Polack, na 2022/23 na 2023/24 kwa Johnathan McKinstry: mataji 21 kwa jumla kufikia msimu huo, makocha wakibadilishana kiti karibu kila mwaka. Hakuna kati yao aliyemaliza bila kufungwa, na msimu wa 2024/25 ukawa wa Polisi, ubingwa wao wa kwanza.