Mpira wa vyuo vikuu Marekani: kosa la wakubwa, azabu ya vijana

Kule Marekani, kila siku ya posho kuanzia mwisho wa mwezi wa nane mpaka mwezi wa kumi na mbili, miji ya vyuo vikuu inajaa watu. Kiwanja cha chuo kikuu cha Michigan peke yake kiko na nafasi 107.601. Si mpira wetu wa miguu: ule wa Kimarekani uko na umbo sawa yai, na mara nyingi unachezwa kwa mikono. Washabiki wanabishana sawa vile wale wa Mazembe na Lupopo kule Lubumbashi: nani anacheza muzuri, kocha gani afukuzwe. Lakini bishano moja haliishi. Mambo mabaya yakifanyika inje ya kiwanja, nani alipe?

Kwa miaka mingi NCAA, shirika linaloongoza michezo ya vyuo, lilisema mchezaji ni mwanafunzi. Anapewa burse, ni kusema minervali, chakula na malazi, basi. Wakati ule ule makocha walikuwa wanalipwa mamilioni ya dola. Kwa hiyo matajiri wenye kupenda ekipe walipitisha pesa chini ya meza.

Chuo cha SMU, mjini Dallas, ndicho kiliumia zaidi. Kilikuwa kimekwisha kuazibiwa, na bado wachezaji wakaendelea kulipwa kwa siri. Mwaka 1987 NCAA ikafuta musimu muzima. Washabiki wanaita ile azabu "hukumu ya kifo". Mwaka 1988 chuo chenyewe kikakataa kucheza. Vijana wengi wakaenda kutafuta vyuo vingine, hata wale ambao hawakugusa dola moja.

Kisha kuko Reggie Bush wa chuo cha USC, Los Angeles. Mwaka 2005 alipata Heisman, zawadi ya mchezaji bora wa mwaka. Mwaka 2010 aliirudisha, juu ilionekana yeye na jamaa yake walipokea pesa na faida zilizokatazwa. Lakini tangu mwezi wa saba 2021, wachezaji wanaruhusiwa kupata pesa kupitia jina na sura yao, na mwaka 2024 Bush akarudishiwa zawadi yake. Leo vyuo vyenyewe vinalipa wachezaji. Kumbe kosa la jana limekuwa kontra ya leo!

Ya Penn State ni ingine kabisa, na haifai kuchanganywa na mambo ya pesa. Jerry Sandusky, aliyekuwa kocha musaidizi, alihukumiwa mwaka 2012 kwa makosa 45 ya kunajisi watoto. Kocha mukubwa Joe Paterno alikuwa amefukuzwa mwaka 2011, na wanafunzi waliingia barabarani kumutetea, wakapindua gari la televizyo. Watoto walioumizwa hawakuwa na washabiki. NCAA ililipisha chuo dola milioni 60 na kukikataza mechi za mwisho wa musimu, na hapo tena walioazibiwa kiwanjani ni vijana wasiojua kitu.

Tarehe 21 mwezi wa kumi na mbili 2024, ekipe hizi mbili zilikutana kwenye mashindano ya kutafuta bingwa wa taifa. Penn State ilishinda SMU 38 kwa 10.