Moto Haukuzimaliza Abasia



Kusini mwa Uskoti, karibu na mpaka wa Uingereza, kuna njia ya miguu yenye urefu wa kilometa 109 hivi. Inazunguka na kumrudisha msafiri pale alipoanzia. Inaunganisha abasia nne, yaani nyumba kubwa za watawa wa zamani: Kelso, Jedburgh, Melrose na Dryburgh. Zote leo ni magofu. Kuta zimesimama bila paa, na nyasi zimeota mahali pa waamini.

Tujiulize: ni nini kilichozimaliza?

Zilianza wakati wa mfalme David wa Kwanza: Kelso 1128, Melrose 1136, Jedburgh 1138, Dryburgh 1150. Watawa walisali, wakalima, wakafuga kondoo na kuuza sufu yao ng'ambo ya bahari. Lakini walikaa mpakani, na vita vilipita mlangoni kwao. Mwaka 1322 majeshi ya Uingereza yalichoma Melrose na Dryburgh. Mwaka 1385 yakarudi, yakazichoma tena. Kila mara watawa walijenga upya. Sehemu kubwa ya kanisa la Melrose inayoonekana leo ilijengwa baada ya moto huo wa pili.

Mwaka 1544 na 1545 majeshi ya mfalme Henry wa Nane yaliziharibu zote nne. Mara hii hazikuinuka. Moto ulikuwa uleule. Waliopungua ni watu. Watawa walikuwa wachache, na mali ilishikwa na wakubwa waliopewa cheo cha abate bila kuishi kama watawa. Mwaka 1560 bunge la Uskoti likakata uhusiano na Papa, na hapakuwa tena na vijana wa kupokelewa.

Hata hivyo, watu wa Jedburgh, wakiwa sasa Waprotestanti, waliendelea kusali ndani ya sehemu ya abasia yao mpaka 1875. Na shirika la Mtakatifu Norberto, lililokaa Dryburgh, halikufa. Mwaka 1898 watawa wake kutoka Tongerlo, Ubelgiji, walifika Uele, hapa Kongo kwetu.

Ndugu, wengi wetu tumeona kanisa likichomwa au kuporwa. Tunapochanga kwa ajili ya mabati na simenti, tuulize pia: katekista wetu anakula nini? Watoto wanafundishwa na nani? Jumuiya inakutana bado? Penye watu wanaosali, ukuta utajengwa tena.

Amani ya Bwana iwe nanyi.