Jengo la Tatu la Abiria JNIA: Namna Huduma Inavyopimwa na Haki za Msafiri Anayetoka Mbali

Jengo la Tatu la Abiria katika Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Julius Nyerere (JNIA), jijini Dar es Salaam, lilizinduliwa rasmi na Rais wa Awamu ya Tano, Hayati Dkt. John Pombe Magufuli, tarehe 1 Agosti, 2019. Jengo hilo, ambalo ujenzi wake ulianza katika Awamu ya Nne, lina uwezo wa kuhudumia abiria milioni 6 kwa mwaka na ndilo lango kuu la wananchi wanaosafiri kwenda nje ya nchi kupitia Dar es Salaam.

Wananchi hao hawatoki jijini pekee. Mkazi wa Kata ya Mgwashi, katika Halmashauri ya Bumbuli, Wilaya ya Lushoto, anayekwenda India kwa matibabu, Makka kwa ibada ya Hijja au ng'ambo kwa masomo, hulazimika kuteremka Milima ya Usambara na kusafiri kwa barabara kabla ya kufika kwenye jengo hilo. Kwa msafiri wa aina hiyo, ambaye mara nyingi ndiyo safari yake ya kwanza ya ndege, ubora wa huduma si suala la starehe. Akikosa ndege, anaweza kupoteza tiketi, miadi ya daktari au nafasi ya masomo, na kurudi nyumbani kujipanga upya ni gharama nyingine. Makala haya yanaeleza namna huduma kwa abiria inavyopimwa, taasisi zinazohusika katika kila hatua, na haki na wajibu wa msafiri.

Kutoka jengo moja hadi matatu

Jengo la kwanza la abiria katika kiwanja hicho lilijengwa miaka ya 1950. Jengo la Pili, lililosanifiwa na msanifu majengo Mfaransa Paul Andreu, lilianza kutumika mwaka 1984 na kwa miongo mitatu lilibeba mzigo wa safari za ndani na za kimataifa kwa pamoja. Kadiri idadi ya abiria ilivyoongezeka, na kuvuka milioni 2 kwa mwaka ilipofika mwaka 2012, foleni zikawa ndefu, hasa pale ndege kubwa kadhaa zilipotua au kuondoka kwa saa zinazokaribiana.

Jengo la Tatu lilikuja kutenganisha safari hizo. Safari za kimataifa zilihamishiwa humo, na Jengo la Pili likabaki kuhudumia safari za ndani. Katika jengo jipya, abiria huweza kuingia ndani ya ndege kwa madaraja yaliyounganishwa na jengo, badala ya kutembea juani au kwenye mvua hadi kwenye ngazi za ndege. Aidha, kukamilika kwa Daraja la Mfugale katika makutano ya TAZARA, lililozinduliwa Septemba 2018, kulipunguza msongamano katika Barabara ya Nyerere inayoelekea kiwanjani.

Pamoja na faida hizo, kuwepo kwa majengo zaidi ya moja kumeleta jambo ambalo msafiri mgeni anapaswa kulizingatia. Majengo hayo hayako mlango kwa mlango. Abiria aliyeshushwa kwenye jengo lisilo lake hupoteza muda akiwa na mizigo mkononi. Ni muhimu kusoma tiketi au kuliuliza shirika la ndege kuhusu jengo husika mapema, na kumtajia dereva jengo hilo kwa jina, si kusema "uwanja wa ndege" pekee.

Dakika 60 na dakika 45

Ubora wa huduma katika kiwanja cha ndege haupimwi kwa ukubwa wa jengo wala kung'aa kwa sakafu. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO), ambalo Tanzania ni mwanachama wake, limeweka mapendekezo ya muda katika Kiambatisho cha Tisa cha Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944. Kwa mujibu wa mapendekezo hayo, abiria wa kimataifa anayeondoka anapaswa kukamilisha taratibu zote zinazotakiwa ndani ya dakika 60, kuanzia anapojitokeza kwenye hatua ya kwanza. Anayewasili anapaswa kukamilisha taratibu zake ndani ya dakika 45 tangu anaposhuka kwenye ndege.

Vipimo hivyo vinaonesha kwamba huduma ni mnyororo. Ukaguzi wa usalama ukienda haraka lakini dirisha la Uhamiaji likawa na foleni ndefu, abiria hahesabu kwamba amehudumiwa vizuri. Vilevile, Uhamiaji wakimaliza kazi yao kwa dakika chache lakini mizigo ikachelewa kufika kwenye mkanda, muda uliookolewa hupotea. Kwa sababu hiyo, maboresho ya kweli hutokana na taasisi zote kupanga zamu za watumishi wao kwa kufuata ratiba moja ya ndege.

Taasisi zinazohusika katika kila hatua

Abiria wengi hudhani kila mtumishi aliyevaa sare kiwanjani ni wa taasisi moja. Hali halisi ni tofauti, na kuijua humsaidia mwananchi kupeleka swali au malalamiko mahali panapostahili.

Jengo lenyewe, pamoja na usafi, alama za maelekezo, lifti na ukaguzi wa usalama wa abiria na mizigo, liko chini ya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Tanzania (TAA). Kuandikisha abiria, kupokea mizigo na kutoa pasi ya kupandia ndege ni kazi ya shirika la ndege, ambalo kwa kawaida huitekeleza kupitia kampuni ya huduma za ardhini iliyopewa leseni. Kukagua pasi ya kusafiria na viza ni jukumu la Idara ya Uhamiaji. Ukaguzi wa bidhaa na kodi hufanywa na maofisa forodha wa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Maofisa wa afya hukagua kadi ya chanjo ya homa ya manjano kwa wanaowasili kutoka nchi zenye ugonjwa huo. Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA) ndiyo msimamizi wa sekta nzima.

Kwa upande wa nyaraka, Serikali ilizindua pasi ya kusafiria ya kielektroniki Januari 2018, na mfumo wa viza kwa njia ya mtandao ukafuata mwishoni mwa mwaka huo. Mifumo hiyo huhamisha sehemu ya kazi kutoka dirishani kwenda kwenye maandalizi ya kabla ya safari, na hivyo hupunguza muda wa kila abiria kusimama mbele ya ofisa.

Msafiri anayetoka mbali

Mkazi wa Mgwashi anayefuata barabara ya Soni hushuka hadi Mombo, kisha huendelea kupitia Korogwe, Segera na Chalinze hadi Kituo cha Mabasi cha Magufuli, Mbezi Luis. Kutoka hapo bado ana safari ya kuvuka jiji hadi kiwanjani. Wakati wa masika, udongo huweza kuporomoka katika barabara ya Soni hadi Mombo na kuchelewesha magari. Kwa hiyo, kupanga kuteremka mlimani siku ile ile ya kuruka ni kujiweka katika hatari ya kukosa ndege. Inashauriwa kufika Dar es Salaam angalau siku moja kabla.

Jambo jingine linalowagharimu wasafiri ni saa. Tiketi za ndege huandikwa kwa mfumo wa saa 24 unaoanza usiku wa manane. Saa 04:30 kwenye tiketi ni saa kumi na nusu alfajiri, si saa nne na nusu. Saa 16:00 ni saa kumi jioni. Ndege ya saa 00:30 ya tarehe 15 huondoka saa sita na nusu usiku, hivyo abiria anapaswa kuwa kiwanjani jioni ya tarehe 14. Msafiri asiye na uhakika amwombe aliyemuuzia tiketi amwandikie saa hizo kwa Kiswahili.

Kwa safari za kimataifa, mashirika mengi hushauri abiria afike saa tatu kabla ya ndege kuondoka, na kaunta nyingi hufungwa saa moja kabla. Jina lililo kwenye tiketi lifanane na lililo kwenye pasi ya kusafiria. Katika mzigo wa mkononi, kila kimiminika kiwe katika chombo kisichozidi mililita 100. Asali au samli ya zawadi iliyofungwa kwenye chupa kubwa iwekwe kwenye mzigo unaokabidhiwa kaunta, vinginevyo itaachwa kwenye ukaguzi. Ada ya huduma kwa abiria huwa imejumuishwa katika bei ya tiketi.

Kwa wanaorejea nchini, ikumbukwe kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Juni, 2019.

Abiria wenye mahitaji maalumu

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki ya kufikia majengo na huduma za umma. Mgonjwa, mzee au mtu mwenye ulemavu anayehitaji kiti mwendo anapaswa kuliarifu shirika la ndege wakati wa kununua tiketi, si anapofika kaunta, ili msaidizi apangwe kumsindikiza kutoka mlangoni hadi ndani ya ndege. Asiyesoma Kiingereza au asiyejua kusoma ana haki sawa ya kuelekezwa kwa lugha anayoielewa, na hapaswi kuona aibu kuuliza.

Mzigo unapopotea au kuharibika

Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999 unaosimamia dhima ya mashirika ya ndege katika safari za kimataifa. Kwa mujibu wa mkataba huo, abiria ambaye mzigo wake umeharibika anatakiwa kulalamika kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu alipoupokea. Mzigo ukichelewa, malalamiko yawasilishwe ndani ya siku 21 tangu alipokabidhiwa. Mzigo usiofika ndani ya siku 21 tangu tarehe uliyopaswa kufika humpa abiria haki ya kudai kama uliopotea.

Hatua ya kwanza huchukuliwa kabla ya kutoka kwenye ukumbi wa mizigo. Abiria aende kwenye dawati la mizigo, ajaze taarifa, apewe nakala yake, na ahifadhi kipande cha stika ya mzigo na pasi ya kupandia ndege. Aliyekwisha panda basi kurudi Lushoto bila nakala hiyo atakuwa na kazi ngumu ya kuthibitisha dai lake. Shirika la ndege lisiposhughulikia malalamiko, mwananchi anaweza kuyafikisha TCAA. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga, linalotetea maslahi ya abiria.

Malalamiko yanayofaa hutaja tarehe, namba ya safari, hatua ya safari na tukio lenyewe. Taarifa ya namna hiyo huiwezesha taasisi husika kujua ni wapi mnyororo umekatika, na kurekebisha hatua hiyo kabla haijamkwamisha abiria mwingine.