Hewa Iliyojificha katika Mawe na Maji

Katika nchi ya Kivu jina la mazuku lajulikana hata kwa watoto. Ni hewa nzito ya kaboni itokayo ardhini karibu na milima ya moto. Hutuama mashimoni na mabondeni, na mbuzi au mtu aingiaye humo hufa upesi bila kupiga kelele. Watu wa Sake, katika wilaya ya Masisi, wamejifunza kupakwepa mahali pake. Lakini leo twataka kusimulia habari za hewa nyingine, isiyo na rangi wala harufu, ambayo haiui upesi. Na kwa kuwa haiui upesi, watu walikawia karne nyingi kuitambua. Jina lake ni radoni.

Mwaka 1556 kilichapwa kitabu cha tabibu Mjerumani, Georgius Agricola, juu ya kazi ya migodi. Humo alieleza kwamba katika milima ya Karpati walikuwako wanawake walioolewa mara saba, na waume wote saba walichukuliwa na ugonjwa wa kifua wa migodini. Wengine walisingizia vumbi, wengine pepo wa chini ya ardhi. Ilipita miaka zaidi ya 300. Ndipo mwaka 1879 matabibu wawili, Härting na Hesse, walipotangaza kwamba wachimbaji wa Schneeberg, huko Ujerumani, hawafi kwa kifua kikuu, bali kwa uvimbe mbaya wa mapafu, yaani kansa.

Sababu bado ilikuwa gizani. Mwaka 1898 Marie Curie na mumewe Pierre walipata radiamu katika mawe yaliyotoka Joachimsthal, ng'ambo tu ya milima ya Schneeberg. Mwaka 1900 Friedrich Ernst Dorn akaona kwamba radiamu hutoa hewa fulani. Muda mfupi baadaye J. J. Thomson wa Cambridge akaikuta hewa hiyo katika maji ya visima.

Je, watu waliogopa? La, walishangilia! Walidhani wamegundua siri ya chemchemi zinazoponya. Joachimsthal pakafunguliwa nyumba za kuoga maji hayo, na Marekani maji yaliyotiwa radiamu yaliuzwa chupani kama dawa ya nguvu. Tajiri mmoja, Eben Byers, aliyanywa kwa miaka kadhaa. Mifupa ya taya yake ikaoza, akafa mwaka 1932. Kweli, yeye aliuawa na radiamu yenyewe, wala si na hewa yake, lakini kifo chake kilizima furaha ile.

Nchi ya Kongo nayo imo katika habari hii. Mawe ya uraniamu yalionekana Shinkolobwe, Katanga, mwaka 1915, na tangu mwaka 1922 kiwanda cha Olen nchini Ubelgiji kilitoa radiamu katika mawe hayo, hata Ubelgiji ukaongoza biashara yake duniani kwa miaka mingi.

Masisi na Walikale si Katanga. Huko wachimba koltani, kama pale Rubaya, na kasiteriti, kama pale Bisie iliyopata sifa tangu mwaka 2002. Lakini tusidanganyike na majina: koltani huwa na uraniamu na thoriamu kidogo ndani yake. Uchunguzi uliofanywa Masisi na kuchapwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba anayetwanga na kuchekecha koltani aweza kupata miali kiasi cha milisieverti 18 kwa mwaka, hali kipimo kilichokubaliwa kwa raia wa kawaida ni milisieverti 1. Na mchimbaji wa shimoni huvuta pia radoni, hasa shimo likiwa refu na lisilo na njia ya pili ya hewa.

Basi, maji je? Uraniamu iliyo katika mwamba huvunjika polepole ikawa radiamu, na radiamu ikawa radoni. Maji yapitayo katika nyufa za mwamba huichukua. Yakifika mtoni na kurukaruka juu ya mawe, hewa hiyo hutoroka. Ila maji ya kisima kirefu, au ya chemchemi pale pale jichoni, bado yanayo. Mwaka 1999 wataalamu wa Marekani walikadiria kwamba radoni ya majini huua watu 168 hivi kila mwaka nchini mwao, na karibu tisa katika kila kumi hufa kwa kuivuta puani inapotoka majini, si kwa kuinywa. Hewa ya radoni ipandayo moja kwa moja kutoka ardhini na kuingia nyumbani huua maelfu. Kwa hiyo sisi twaona ni upumbavu mtu kuiacha chemchemi iliyojengwa vizuri na kwenda kuchota mtoni kwa kuogopa radoni. Kipindupindu kingali kinaua watu Kivu ya Kaskazini. Huko ni kuruka majivu na kukanyaga moto. Kumimina maji kutoka chombo hadi chombo, au kuyachemsha jikoni penye dirisha wazi, huifukuza sehemu kubwa ya radoni.

Hata hivyo kupima kwafaa, hasa visima virefu vinapochimbwa. Umoja wa Ulaya, kwa agizo la mwaka 2013, waweka kipimo cha bekereli 100 kwa lita. Yakizidi 1,000 lazima yatengenezwe. Bekereli moja ni chembe moja inayovunjika kila sekunde. Chupa huzamishwa, hujazwa pomoni, na kufungwa ndani ya maji yale yale, pasibaki hata povu moja, maana radoni hukimbilia huko. Tena yahitaji haraka: nusu ya radoni hupotea kila siku 3.8. Chupa ya Walikale ikikwama njiani siku nane kwa sababu ya matope au vita, hufika Goma na chini ya robo ya hewa yake. Ndiyo maana mpimaji mwangalifu huandika juu ya chupa siku na saa ya kuchota, halafu hupiga hesabu kurudi nyuma mpaka saa ile.