GPS ilifikaje kwa usukani wa nduthi?

Wasee, leo naomba dakika tano tu. Ni historia, lakini si ile ya kukariri ndio upite mtihani.

Inaanza na waya. Mwaka jana bro yangu mkubwa, mtu wa boda huku Kahawa West, alimlipa fundi wa mtaa amwekee chaja ya simu kwa nduthi. Fundi akavuta nyaya mbili kutoka kwa betri moja kwa moja hadi kwa usukani, akazungusha selotepu, akasema kazi imeisha. Fyuzi hakuweka. Pale shingoni mwa nduthi, ambapo usukani unapinda, waya ulikuwa umekazwa sana, kwa hivyo kila kona ulijisugua kwa chuma. Wiki tatu baadaye, saa kumi na moja asubuhi, akienda kuchukua mteja wa Airport, moshi ukatoka chini ya tangi. Waya ulishika chuma, ukaungua, ukachoma na nyaya zingine za nduthi.

Siku nne bila kazi, na hiyo nduthi ni ya mkopo, inadaiwa kila siku. Lakini kilichoniuma zaidi ni maneno ya steji. Ati ni tamaa ya GPS ilimponza. Ati mtu wa boda wa kweli anabeba ramani kwa kichwa. Hapo ndipo nikaenda kuchimba hii hadithi, kwa sababu niliona hayo maneno si kweli.

Kwanza, hakuna wakati watu wa pikipiki waliridhika na kichwa peke yake. Ulaya walikuwa wanafunga begi juu ya tangi, lina mfuko wa plastiki inayoonyesha ndani, na ramani ya karatasi inakaa hapo. Mashindano ya Paris–Dakar yalipoanza mwisho wa 1978, njia ilikuwa jangwani. Huko utauliza nani? Waendeshaji wakawa wanatumia karatasi ndefu ya maelekezo, imeviringishwa ndani ya kasha dogo juu ya usukani. Mwanzo unaizungusha kwa mkono, baadaye wakaiwekea mota ndogo na kitufe karibu na kidole gumba. Yaani nyaya zilipanda kwa usukani kusukuma karatasi, kabla hata ya GPS!

GPS yenyewe ilikuwa kitu ya wanajeshi. Marekani ilianza huo mradi 1973, setilaiti ya kwanza ikaruka 1978. Mwaka wa 1983 ndege ya abiria ya Korea Kusini ilipotea njia, ikaingia anga ya Kisovieti na ikatunguliwa, watu wote 269 wakafa. Baada ya hapo Rais Reagan akaahidi kwamba raia wataruhusiwa kutumia GPS. Lakini raia walipewa ile ya kuchafuliwa makusudi. Ilikuwa inaweza kukukosea hadi mita 100, na huku kwetu mita 100 ni tofauti ya geti lako na mtaro wa mtaa mwingine. Huo uchafu uliondolewa Mei 2000. Kama ulizaliwa mwaka huo, GPS ya maana ni agemate wako.

Sasa turudi kwa nduthi, maana hapo ndipo kuna utamu. Vile vidude vya Garmin vya miaka ya 90 vilikuwa vinakula betri za AA, zile za tochi. Ukivifunga kwa pikipiki, mtetemo unaruka-rusha betri, moto unakatika sekunde moja, kidude kinazima katikati ya safari. Dawa ikawa kuvuta umeme wa volti 12 kutoka kwa pikipiki yenyewe. Halafu 2006 Garmin wakatoa zumo, iliyotengenezewa pikipiki tangu mwanzo: haingizi maji, na vitufe viko upande wa kushoto ili mkono wa kulia ubaki kwa aksileta. Kitu safi, lakini haikutengenezwa ikifikiria mtu wa boda.

Huku kwetu boda ilianza kwa baiskeli kule Busia, zikivusha watu kati ya Kenya na Uganda. Nduthi zilijaa baada ya serikali kuondoa VAT kwa pikipiki ndogo, 2008 hivi. Mwaka wa 2011 tukapata IDEOS, ile simu ya Huawei ya karibu shilingi 8,000. Mnaikumbuka? GPS ilikuwa ndani! Shida ni kwamba ramani yenyewe ilikuwa na mashimo. Kibera, na watu wote wale, ilikuwa karibu tupu hadi 2009, vijana 13 wa huko huko walipotembea na vipokezi vya GPS mkononi wakaichora kwenye OpenStreetMap kupitia Map Kibera. Kwa hivyo mtu akiniambia ramani ni mambo ya wageni, namuuliza kama anajua ni nani walitembea kwa hayo matope.

Na mtu wa steji hajawahi kukataa simu. Alikuwa anaidunga ndani ya helmeti kando ya sikio, au anaifunga kwa raba ya tyubu iliyokatwa. Holda ilikuja tu kuitoa kwa sikio. Tena hata Apple, Septemba 2021, waliwaonya wateja wao kwamba mtetemo wa injini za pikipiki zenye nguvu unaweza kuharibu kamera ya iPhone, na kwa zile ndogo wakashauri holda inayopunguza mtetemo. Ile raba ya tyubu sasa haichekeshi tena.

Jumapili moja tulirudia ile kazi mimi na bro. Safari hii tuliuchukua moto kwa waya unaoamka ukifungua ufunguo, ndio chaja isinywe betri usiku. Fyuzi ya ampea 5 ikakaa pale pale tulipounga. Shingoni tukaacha waya umelegea, nikapinda usukani kushoto na kulia mara kama ishirini hivi, bro akiangalia na tochi kama kuna mahali unabanwa. Chini ya holda tukakata kipande cha tyubu. Mamangu alipita akauliza kama tunatengeneza redio.

Jumatatu saa kumi na moja na nusu asubuhi simu yangu ikalia. Bro alikuwa amenitumia pini: JKIA, Terminal 1A.