Soga, Mzenga na Samaki wa Udongo Mkavu

Karibu maelezo yote ya zamani juu ya vinamasi vya Mto Ruvu yaliandikwa na watu waliokuwa safarini kwenda kwingine. Mto huu huanzia milima ya Uluguru, hupita nyanda za Kisarawe na Kibaha, kisha huingia Bahari ya Hindi karibu na Bagamoyo. Masika yakikolea, maji huvuka kingo na kulala juu ya udongo mweusi wa mbuga, yakaacha madimbwi, matete, ndago na mayungiyungi. Kiangazi kikifika, udongo ule ule hupasuka nyufa ambamo mguu unaweza kuzama.

Wageni wa karne ya 19 waliuita mto huo Kingani. Burton na Speke walifuata bonde lake Juni 1857, walipotoka Kaole. Speke alirudi na Grant mwaka 1860, naye Stanley akavuka Machi 1871 na msafara wake kutoka Bagamoyo. Katika maandishi yao bonde hili ni tope, homa na viboko. Walikuwa na haraka ya kufika kwenye maziwa ya bara, kwa hiyo kinamasi kwao kilikuwa kikwazo tu, na msomaji wa vitabu vyao anaweza kudhani hapakuwa na mtu aliyekipenda.

Watu walikuwapo. Wazaramo na Wakwere walilima mpunga mabondeni na kuvua kambale maji yalipoanza kurudi mtoni. Chombo cha kazi hiyo ni mgono, mtego wa kusukwa wenye mdomo mpana. Ndani yake kuna koo jembamba ambalo ncha zake zimeelekezwa ndani: samaki husukuma akapita, lakini akigeuka ncha zinamzuia. Mgono huwekwa kwenye mkondo mwembamba ambamo maji ya mafuriko hushuka, kwa sababu samaki hana njia nyingine. Hakuna anayeutega vizuri bila kujua maji yatapita wapi siku tatu zijazo.

Wanawake walikuwa na elimu yao. Mkindu hupenda ardhi yenye unyevu, na majani yake machanga hukatwa kabla hayajafunguka. Huchanwa, hukaushwa, mengine hutiwa rangi, kisha husukwa ukili mrefu unaoshonwa kuwa mkeka. Mikeka ya namna hiyo imelaliwa na kuswaliwa pwani yote, lakini wasafiri waliojaza kurasa kwa habari za viboko hawakuwa na mengi ya kusema juu ya mikono iliyoisuka.

Kisha ikaja reli. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, na mwaka 1907 ilifika Morogoro, ikipita Pugu, Soga na Ruvu. Katika miaka ya 1970 reli ya TAZARA ilikatiza Kisarawe, na huko Mzenga ikapata stesheni yake. Tuta la reli halipiti kwenye kinamasi bila kukibadilisha: huzuia maji upande mmoja, na udongo wake huchimbwa kando, mashimo yakabaki. Tena reli na barabara humpa mgeni mwenye wavu mahali pa kushuka. Ndiyo maana mengi yanayojulikana kisayansi kuhusu viumbe wadogo wa nyanda hizi yamepatikana kwenye madimbwi ya kando ya njia.

Mfano ulio bora ni wa Soga yenyewe. Mwaka 1979 Mholanzi Ruud Wildekamp na Mjerumani Heinz Otto Berkenkamp walimwandika kitaalamu samaki wa hapo na kumwita Nothobranchius foerschi, kwa heshima ya Walter Foersch, mfugaji mashuhuri wa samaki wa mapambo. Ni samaki wa sentimita chache. Dume ana mkia mwekundu unaowaka na mwili wa samawati. Jike amefifia, wala hana pambo lolote.

Kinachomtofautisha ni maisha yake. Dimbwi likikauka, samaki wote hufa. Mayai waliyoyafukia topeni hubaki hai ndani ya udongo mkavu, viinitete vikiwa vimesitisha ukuaji vikingoja mvua. Maji yakirudi, vifaranga huanguliwa, na katika wiki chache tu huwa wamekomaa na kutaga. Wafugaji wa Ulaya na Marekani hutumiana mayai hayo kwa posta, ndani ya mboji yenye unyevu kidogo. Jina la Soga limesafiri hivyo hivyo, kwenye bahasha, hadi kwa watu wasiojua kwamba ni stesheni ya reli wilayani Kibaha.

Samaki hao hula viluwiluwi vya mbu. Jambo hilo si jipya: mwaka 1941 mtafiti F. L. Vanderplank aliandika juu ya Nothobranchius na samaki wa jenasi ya Barbus kama wenyeji wa Afrika Mashariki wanaoweza kusaidia kupambana na malaria. Hoja yake ilistahili kusikilizwa zaidi. Mwaka 2015 kilifunguliwa mjini Kibaha kiwanda cha viuadudu vya kibayolojia, kilichojengwa kwa teknolojia ya Labiofam ya Cuba. Humo huzalishwa bakteria wanaoua viluwiluwi majini, mmojawapo akiwa Bacillus thuringiensis israelensis, aliyegunduliwa mwaka 1976 kwenye dimbwi la jangwa la Negev. Kazi hiyo ni njema na inahitajika. Samaki hawezi kufika kwenye kila kopo na kila alama ya kwato. Ila inasikitisha kwamba mla viluwiluwi aliyezaliwa nyumba ya pili hajulikani hata na watoto wanaocheza ukingoni mwa dimbwi lake.

Dar es Salaam nayo imekuwa ikinywa kutoka bonde hili kwa muda mrefu. Mtambo wa maji wa Ruvu Juu, Mlandizi, ulianza kazi mwaka 1959, na wa Ruvu Chini mwaka 1976. Baada ya kupanuliwa, wa kwanza una uwezo wa lita milioni 196 kwa siku, na wa pili lita milioni 270. Mwishoni mwa 2021 mto ulipungua sana na jiji likaingia kwenye mgawo wa maji. Bwawa la Kidunda, huko juu mkoani Morogoro, limekusudiwa kuzuia hali hiyo kwa kuhifadhi lita bilioni 190 na kuzishusha wakati wa ukame.

Mji mkubwa hauwezi kuishi bila maji, na hakuna anayepaswa kuubeza mradi huo. Lakini mafuriko yakipunguzwa na kiangazi kikilainishwa, madimbwi ya kando ya mto hayatajaa na kukauka kwa mpangilio wa zamani. Dimbwi lisilojaa halimpi kambale mahali pa kuzaliana, wala mkulima wa mpunga tope jipya. Na dimbwi lisilokauka huwaruhusu samaki wakubwa kubaki mwaka mzima, wakawala wale wadogo ambao kinga yao pekee ilikuwa kwamba adui zao hawawezi kuishi kwenye udongo mkavu. Ratiba ya kufungulia maji ya Kidunda inaweza kuacha nafasi ya mafuriko ya masika na ya ukavu wa kiangazi. Wavuvi wa migono wa Kibaha na Kisarawe wanaweza kuwaeleza wahandisi ni wiki zipi hasa, na maji hupita wapi yakirudi mtoni.