Ugonjwa Usio na Mdudu

Walimu wa rika langu tulifundisha kwamba kila ugonjwa wa kuambukiza una mdudu wake: bakteria, kirusi, kuvu au kimelea. Mdudu huyo huzaana, huhama kutoka mwili hadi mwili, na akiangamizwa ugonjwa hukoma. Somo hilo limeokoa watu wengi. Hata hivyo, historia ya Wafore, watu wachache wa milima ya mashariki ya Papua New Guinea, yatuonyesha kwamba upo ugonjwa wa kuambukiza usio na mdudu wowote.

Wafore waliuita kuru, yaani kutetemeka. Mgonjwa aliyumba katika mwendo, akatetemeka, akashindwa kusimama, na mwishowe hata kumeza. Wengi walikufa katika muda wa mwaka mmoja hivi. Waliougua zaidi walikuwa wanawake na watoto, hata vijiji vikajaa wagane na mayatima.

Watu wakatafuta mchawi. Ilisadikiwa kwamba mchawi huiba mabaki ya chakula cha mtu, huyafunga katika majani na kuyafukia penye unyevu. Kadiri furushi linavyooza ndivyo mwenyewe anavyotetemeka. Wanaume walioshukiwa waliuawa. Hivyo kifo kimoja kilizaa kingine.

Mwaka 1957 madaktari Vincent Zigas na Carleton Gajdusek waliutangaza ugonjwa huo kwa ulimwengu. Kwa kuwa uliandama koo, wengi walidhani ni wa kurithi. Lakini ugonjwa wa kurithi unaoua kina mama wengi kiasi hicho ungalikwisha wenyewe zamani, na tena wazee wa Kifore walikumbuka siku ambapo kuru haikuwepo. Walioyasikiliza masimulizi hayo kwa makini ni wanaanthropolojia Robert Glasse na Shirley Lindenbaum, waliokaa na Wafore mwanzoni mwa miaka ya 1960. Waliambiwa kwamba desturi ya kula miili ya marehemu matangani ilitangulia, kuru ikafuata. Wanawake ndio waliomwandaa marehemu, nao walikula pamoja na watoto wao, ubongo ukiwemo. Wanaume wazima walishiriki kidogo sana. Tusiharakishe kuwaita washenzi. Kwao hayo yalikuwa mazishi ya heshima: afadhali mpendwa aliwe na jamaa zake kuliko kuachiwa funza.

Tayari mwaka 1959 William Hadlow, mtaalamu wa magonjwa ya wanyama, alikuwa ameona kwamba kuru inafanana na skrepi, ugonjwa wa kondoo unaotoboa ubongo ukawa kama sifongo. Mwaka 1966 Gajdusek na wenzake walitangaza kwamba sokwe waliodungwa ubongo wa wagonjwa wa kuru waliugua vilevile. Kumbe waambukiza! Lakini mdudu hakuonekana. Mwaka 1967 Tikvah Alper, mwanasayansi mzaliwa wa Afrika Kusini, alionyesha pamoja na wenzake kwamba kisababishi cha skrepi hustahimili mionzi ambayo ingeharibu jeni za kirusi chochote. Mwaka 1982 Stanley Prusiner akathubutu kusema kwamba ni protini tupu, akaiita prioni. Wengi walimpinga, mwaka 1997 alipewa Tuzo ya Nobel.

Protini ni mnyororo wa asidi za amino, nao sharti ukunjwe kwa umbo lake ndipo ufanye kazi, kama ufunguo ulivyo na meno yake. Protini ya prioni imo katika ubongo wa kila mmoja wetu bila kudhuru. Ile iliyokunjwa vibaya inapokutana na iliyo nzima huipotosha ifanane nayo. Hizo mbili hupotosha nyingine, kisha hushikamana mafungu mafungu, na chembe za ubongo hufa. Kuchemsha chakula hakuiondoi, na mwili hauitambui kuwa adui, kwani ni mali yake wenyewe.

Kichaa cha ng'ombe, kilichotambuliwa Uingereza mwaka 1986, kilienea kwa njia iyo hiyo: ng'ombe walilishwa unga wa nyama na mifupa ya wanyama wenzao. Mwaka 1996 serikali ikakiri kwamba huenda watu nao wameupata. Hata ugonjwa wa Alzheimer, unaotuibia kumbukumbu sisi wazee, una protini zinazokunjika vibaya na kurundikana ubongoni, ingawa anayemuuguza mgonjwa haambukizwi.

Desturi ile ya Wafore ilikomeshwa mwishoni mwa miaka ya 1950, nao watoto waliozaliwa baadaye hawakuugua. Zaidi ya watu 2,500 walikuwa wamekwisha kufa au wangekufa, wengine baada ya kuibeba kuru mwilini zaidi ya miaka 50. Hesabu hiyo haiwajumlishi wanaume waliouawa kwa kusingiziwa uchawi. Hao hakuna maabara iliyowasafisha wakiwa hai. Wazee wa Kifore walijua tangu mwanzo lini maradhi yalianza na nani huyapata. Ilibaki mtu wa kuketi nao na kuuliza.